Matairi ya Kurefusha Barabara

Yahaya aliyaona matairi kwanza, gari baadaye, na mwenye gari mwisho. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake wa kuitazama dunia: kitu, halafu kinachokibeba kitu, halafu yule mpumbavu anayedhani kitu ni chake.

Ilikuwa mbele ya stesheni ya Tabora, miaka ile Wazungu walipokuwa wakilima karanga Urambo kwa matrekta, na tairi zuri likitafutwa mjini kama mganga wa uzazi. Gari la Mzee Saidi Twalibu lilikuwa nayo manne: manene, meusi, yenye meno kama ya mamba kijana. Gari lenyewe lilikuwa sanduku la mbao juu ya vyuma vinavyokohoa, lakini miguuni lilivaa kama bwana harusi.

Yahaya alikuwa ameshuka kwenye treni na mfuko mmoja na shida nyingi. Morogoro walikuwa wanamjua. Dodoma walikuwa wanamjua. Manyoni walimjua mpaka wakamsindikiza stesheni kwa fimbo. Mbele ya Tabora reli ilibakiza Kigoma, na mbele ya Kigoma ni maji, na Yahaya alikuwa hajui kuogelea. Aliona wazi kwamba hapa lazima apate kitu kimoja kikubwa, akiuze, atokee Mwanza, avuke mpaka Uganda ambako sura yake bado ilikuwa mpya. La sivyo nchi ingemwishia.

Akasimama akamtazama mzee akifanya kazi. Mzee Saidi hakutoza kwa safari kama wenzake, alitoza kwa maili. Mbele ya usukani palikuwa na kijidirisha cha namba, na kila safari ilipokwisha alikifuta kwa pindo la kanzu, akawaita abiria mmoja mmoja waje kushuhudia.

"Mashine haina ndugu," alikuwa akisema. "Haidanganyi, haili rushwa, haifungi Ramadhani wala Kwaresima. Imesema maili, toa hela."

Yahaya akatabasamu. Mtu anayeamini mashine kuliko macho yake alikuwa amekwisha kujichinja mwenyewe. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kuchuna.

Lakini kabla ya kuchuna mtu ni lazima ale, akaenda sokoni kwa Bi Mwanajuma, muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Watoka wapi, mwenzetu?"

"Kisarawe, bibi. Mimi Mzaramo." Alisema Kisarawe kwa kuwa ndilo jina lililomjia. Angeweza kusema Songea.

Mwanajuma akajipiga paja. "Lo! Mtani wangu! Jamani njooni mwone, mmoja wa wale waliowauzia babu zetu maji ya kunywa njiani!"

"Na babu zenu wakanywa wakakimbia," Yahaya akajibu palepale. "Mnyamwezi usipomtwika mzigo kichwani, upepo unambeba."

Soko zima likacheka. Yahaya akachukua kitumbua akakila, akangoja kelele. Hapakuwa na kelele. Akachukua cha pili. Mwanajuma akamtukania meno yake, akamtukania bibi yake, na hakudai kitu.

Basi akaelezwa. Tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakiteremsha pembe za ndovu mpaka pwani kwa Wazaramo, watu wa makabila haya mawili walikuwa wameumwa na kiu pamoja, wakaibiana, wakauguzana. Kwa hiyo ni watani. Mtani anakutukana, hukasiriki. Anachukua kitu chako, hukasiriki. Ukifiwa, yeye ndiye wa kuja kuchimba kaburi. Yahaya aliisikia vizuri sana sehemu ya kuchukua. Sehemu ya kuchimba ilimpita, kwa sababu alikuwa na kitumbua mdomoni.

Alikuwa ametapeli watu nusu ya nchi kwa jasho, kwa uongo wa kutunga usiku kucha, na hapa alikuta mji wenye sheria ya kumruhusu kuiba kwa kicheko! Akachukua kuku mtaa wa Ipuli. Akachukua mwavuli wa Mwalimu Wenceslaus, katekista, mtu mpole mwenye shingo ndefu, mchana kweupe mbele ya kanisa. "Utani, mwalimu!" Mwalimu akaitikia, "Utani, ndugu yangu," akaenda zake na mvua ikimnyeshea. Yahaya alimdharau kwa moyo wote. Na mimi nasema, kama dharau ingekuwa chakula, mtu yule angekufa kwa kuvimbiwa.

Mnunuzi alijileta mwenyewe. Aliitwa Ng'washi, Msukuma wa Nzega, mlima pamba, kifua kama mlango wa ghala, na juu ya shati lake rozari. Alikuja Tabora kutafuta matairi manene ya gari lake la kubebea pamba, akazunguka maduka yote akakosa. Yahaya aliiona rozari, na kabla hajamfikia alikuwa amekwisha kubatizwa.

"Tumsifu Yesu Kristu! Naitwa Ambrosi, Mluguru wa Morogoro. Matairi ninayo. Rimu yako kumi na sita?"

"Kumi na sita."

"Basi rudi nyumbani ukatulie. Nitakuletea mlangoni."

Ng'washi alimkabidhi baiskeli yake mpya iwe kishika mkono, akapanda lori la watu. Baiskeli ililala kwa Yahaya usiku mmoja. Siku ya pili ilikuwa ya mtu mwingine.

Sasa palibaki jambo dogo, kumvua Mzee Saidi viatu bila yeye kusikia baridi. Katika yadi moja nyuma ya stesheni palikuwa na kigari cha bwana mmoja wa karanga, kimekufa, na matairi yake manne, membamba kama maganda ya ndizi, yalikuwa hayatakiwi na mtu. Yahaya aliyapata kwa kumsifu mlinzi. Kisha akapita kwa Mwanajuma, akachukua mfuniko wa sufuria kubwa na mfuniko wa birika, akamfuata mzee aliyekuwa akipumzika kando ya gari, ng'ambo tu ya njia.

"Shikamoo, Mzee Saidi."

"Marahaba, mwizi. Leo umekuja kuchukua nini?"

"Leo nimekuja kuleta. Tazama hapa." Akatia alama ya mkaa ukingoni mwa kila mfuniko, akaubingirisha ule mkubwa kutoka kwenye gari mpaka kwenye mkeka wa mzee, kisha ule mdogo. "Upi umezunguka mara nyingi?"

"Mdogo. Hata kipofu anajua."

"Na njia?"

"Ni ileile."

"Haya. Hicho kijidirisha chako, unadhani kinaiona barabara? Hakina macho, mzee. Kinahesabu gurudumu linavyozunguka, basi."

Roho ya Mzee Saidi ilivua kilemba ikaketi vizuri.

"Kwa hiyo nikivaa tairi dogo..." alisema polepole.

"Nzega inahama. Inasogea mbele. Na Kipalapala nayo, ijapokuwa ni mahali pa mapadri."

"Lakini rimu zangu ni za kiwandani, sizibadilishi."

"Nani kasema ubadilishe? Soma ubavuni. Namba hii, kumi na sita, ni ya rimu, hiyo haiguswi. Ile nyingine ni unene wa tairi, na hapo ndipo mwenye akili anapochagua."

"Na walioliunda gari? Hawakulijua hilo?"

"Waliliunda Ulaya. Kule abiria halipi kwa maili ya Saidi Twalibu."

Kutoka ng'ambo ilikuja sauti ya kuitia ng'ombe. "Yahaya! Mifuniko yangu inabingirishwa vumbini kwa ajili gani?"

"Utani, bibi!"

"Haya, utani." Mwanajuma akaitazama mifuniko yake, akayatazama magurudumu ya gari, akafunga mdomo. Mwanajuma hakuwa mtu wa kufunga mdomo, na mtu mwenye busara angeshtuka. Lakini pale walikuwapo wajanja wawili tu.

Walipatana upesi. Mzee alitoa manene manne na mipira yake ya ndani, akapokea membamba manne, na kwa kuwa Yahaya alilalamika kwamba anapata hasara, mzee akaongeza jogoo. Waliachana kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Kwa siku chache Mzee Saidi aliishi kama sultani. Namba zilikimbia dirishani kama panya. Hata sindano ya mwendo ilipanda ikadai kwamba gari linaruka, na mzee akawa anawapigia abiria kelele washike vizuri, huku wanapitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba kuni. Gari lilishuka karibu na ardhi likatembea kama bata.

"Mzee Saidi," Mwalimu Wenceslaus aliuliza siku moja kwa upole wake, "seminari ya Kipalapala imehamishwa?"

"Mashine haina ndugu, mwalimu."

Ndipo Ng'washi alipotuma salamu: soko la pamba linafunguliwa, Ambrosi alete matairi ama arudishe baiskeli. Yahaya akatafuta gari la kwenda Nzega. Mvua zilikuwa zimeharibu njia na malori yalikuwa yamesimama. Gari lililothubutu kutoka wiki ile lilikuwa moja, na lilikodiwa na Bi Mwanajuma. Amefiwa na baba yake mdogo huko Nzega, maiti inamngoja, azikwe kabla ya jua kuzama. Mwalimu Wenceslaus, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alikuwa anakwenda naye, pamoja na akina mama watatu wa Ipuli.

Mtu mwenye aibu asingepanda gari lile. Yahaya alifika alfajiri na matairi yake manne manene, akayafunga juu ya keria kwa kamba.

Mwanajuma, kanga ya msiba kiunoni, aliinua macho. "Ya leo kali. Gari limebeba miguu yake kichwani."

"Biashara, bibi. Pole na msiba."

"Nimeshapoa, mtani. Vizuri unakwenda. Vizuri sana."

Mzee Saidi alimkalisha mbele na kumwambia kwa sauti ndogo kwamba na yeye atalipa kwa maili, kama binadamu wengine. Basi Yahaya akasafiri akizitazama namba zikikimbia mbele ya pua yake, akilipia uongo wake mwenyewe, na hakuweza hata kulalamika.

Walipoingia mbugani, walikuta malori yamepita kwenye tope kabla ya kusimama, yamechimba mifereji miwili mirefu na kuacha katikati mgongo wa udongo mgumu kama tofali. Gari lenye miguu yake lingepita. Hili la bata liliteleza likashuka mifereji, likapanda ule mgongo, likakaa kwa tumbo. Magurudumu yakabaki yanagusa chini kama mtoto anayegusa uji wa moto.

Mzee Saidi akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakarusha matope, gari halikusogea hata unywele. Akakanyaga tena. Mwalimu Wenceslaus, aliyekuwa amenyoosha ile shingo yake ndefu kutazama mbele, akauliza:

"Mzee Saidi, sasa hivi tunakwenda wapi?"

"Huoni tumekwama?"

"Naona. Ila naona pia kwamba tunazidi kwenda. Mashine inasema tumemaliza maili nyingine."

Vichwa vyote vikaja mbele. Mguu wa mzee ulikuwa bado umesahaulika juu ya mafuta, injini inaunguruma, gari limelala kama nguruwe, na namba dirishani zinapanda, moja baada ya moja, kuelekea Nzega peke yake.

"Ondoa mguu, Saidi," Mwanajuma alisema. "Mifuniko yangu ilinifundisha zamani. Nilikuwa nangoja tu uniambie mwenyewe."

Mzee Saidi alimwonyesha Yahaya kidole. "Ni huyu! Ndiye aliyenirubuni!"

"Mimi?" Yahaya akang'aka. "Nilikushika mkono? Aliyetaka kuwarefushia watu barabara ni nani?"

Kila mmoja alisema kweli juu ya mwenzake. Lilikuwa jambo geni kwa wote wawili, na hawakulifurahia.

"Mtagombana baadaye," Mwanajuma akakata. "Baba yangu amelala juu ya kitanda, ananingoja. Teremsheni yale manene."

"Hapana," Yahaya alisema. "Yale yana mwenyewe."

"Tunaazima tu. Au tukuache hapa nayo uyalinde? Fisi wa mbuga hii hawali mpira, lakini wewe hujafanana na mpira."

Yahaya akatazama mbuga kushoto, akaitazama kulia. Akakubali, mpaka Nzega tu, si hatua moja zaidi. Wakaweka jeki juu ya gogo. Wakayabandua membamba kwa vyuma, wakayavika manene kwenye rimu zile zile za kiwandani, na yakaingia kama mguu unaoingia kiatu chake cha zamani. Mzee Saidi alishika vyuma. Pampu alipewa Yahaya, akapiga pampu manne yote mpaka macho yakamtoka, huku akina mama wa Ipuli wakimhimiza kwa nyimbo zisizoweza kuandikwa. Gari likasimama. Likauacha ule mgongo chini ya tumbo lake, likatoka.

"Ahsanteni," Yahaya alisema akijifuta matope. "Tukifika Nzega nitayafungua."

"Hutayafungua, mtani," Mwanajuma alisema akipanda kwenye nafasi yake. "Nimeyachukua."

"Umeyachukua vipi?"

"Kama ulivyochukua vitumbua. Utani."

"Bibi, wacha mchezo! Hii ni mali!"

"Ahaa! Kumbe mali si utani? Basi tuanze upya. Yule kuku wa Ipuli alikuwa mali au utani?"

"Alikuwa anataga," alisema mama mmoja kutoka nyuma.

"Na mwavuli wa mwalimu?"

"Nilinyeshewa," alisema mwalimu. "Nilitubu kwa hasira niliyokuwa nayo. Sasa naona nilitubu mapema."

Mwanajuma akaegemea dirisha. "Sikiliza. Mzaramo akichukuliwa kitu na Mnyamwezi, anacheka. Ndivyo tulivyo, sisi na wao. Ukikasirika, wewe si Mzaramo. Na kama si Mzaramo, mtu aliyekula vitumbua vyangu tangu mwezi uliopita ni nani? Nzega kuna kituo cha polisi, watatusaidia kumtambua. Chagua, baba. Cheka au kasirika."

Yahaya alifungua duka lake la uongo, duka lililomlisha kutoka pwani mpaka hapa, na kwa mara ya kwanza alikuta rafu tupu. Kilichobaki ndani ni kicheko. Akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kama cha mtu anayeng'olewa jino.

"Utani, bibi," alisema.

"Naam! Umesema vizuri."

Mzee Saidi naye alikuwa anacheka, na chake kilikuwa cha kweli. "Alhamdulillahi, matairi yangu yamerudi."

Mwanajuma akamgeukia polepole. "Yako? Uliyatoa kwa hiari yako, na jogoo juu. Hayo ni yangu. Nimekuruhusu uyakanyagie, na kila nitakapotaka kwenda, utanipeleka mimi na hawa." Mwalimu Wenceslaus akachota tope la mbugani, akalibandika juu ya kijidirisha, akalisawazisha kwa kiganja kama fundi anayepiga lipu. Mzee alifumbua mdomo, akaona nyuso, akatia gia.

Walifika Nzega jua limeanza kuinama. Yahaya aliruka chini wa kwanza, akatazama kichochoro kilipo. Alikuwa amepiga hatua mbili Mwanajuma alipomshika ukosi wa shati.

"Wenyeji!" aliita kwa ile sauti yake, na matanga yote yakageuka. "Msilie tena! Nimewaletea mtani, Mzaramo halisi wa Kisarawe!"

Wafiwa wakapiga vigelegele katikati ya machozi. Vijana walikuwa wameanza kaburi tangu asubuhi, ardhi ni mawe, na wote walikuwa wakinung'unika kwamba mtani hayupo. Wakampa jembe. Wakampa na sururu. Wakamtukana kwa upendo wakamteremsha shimoni, na mtu yule ambaye hakuwahi kulima hata bustani ya mchicha akaanza kuchimba kaburi la mtu asiyemjua, matangani kwa watu asiowajua, kwa ajili ya kabila lisilo lake.

Alijifariji kwa jambo moja. Watu wakisha kuzika, wanakula; watu wakila, hawatazami; na giza likiingia atatoka. Mwanza haikuwa mbali. Shimo lilikuwa limemfika kifuani alipoona kivuli kipana kimesimama ukingoni. Akainua uso. Aliiona kwanza rozari, kifua baadaye, na mwenye kifua mwisho.

"Ambrosi?" alisema Ng'washi. Alikuja kumzika jirani.

"Huyu anaitwa Yahaya," Mwanajuma alimsahihisha. "Mtani wetu."

"Mimi ninamjua ni Ambrosi, Mluguru. Ana baiskeli yangu." Akainama, mikono magotini. "Ama nimekosea, ndugu?"

Yahaya akainamia sururu. Wafiwa wote walikuwa wamesogea, na wote walikuwa wanatabasamu, kwa sababu waliona kwamba utani wa leo utakuwa mrefu.

"Haidhuru," Ng'washi alisema. Akavuta kigogo akaketi pale pale ukingoni, akanyoosha miguu yake mikubwa. "Maiti kwanza. Wewe chimba. Mimi nitakungoja utoke."

Wazee walipopima walisema imetosha, mtani, toka sasa. Yahaya akasema bado kidogo. Wakamwambia tena imetosha, kaburi halijapata kuwa refu hivi hapa Nzega. Akasema ardhi ya chini ni laini zaidi, wamwachie. Na aliendelea kuchimba.